Ndege za Mjerumani zilizotekwa 1945: nimezunguka Udvar-Hazy, haya ndo ya kwenda kuangalia

Kama unaishi DMV (Washington DC, Maryland na Virginia) na hujawahi kukanyaga makumbusho ya Udvar-Hazy, aisee unajinyima. Na kama wewe ni wa kupita tu Dulles, una masaa sita ya kusubiri ndege ya Addis au ya Doha, badala ya kukaa kwenye viti vya uwanjani unamaliza bando, jua kwamba mahali hapa ni pua na mdomo na uwanja, unaenda unazunguka unarudi na muda unabaki.

Hili ni jengo la pili la makumbusho ya ndege na anga ya Smithsonian, lipo Chantilly, Virginia, lilifunguliwa Desemba 2003. Jina ni la Steven Udvar-Házy, mzaliwa wa Hungaria aliyetajirika kwa kukodisha ndege kwa mashirika, akatoa dola milioni 65 ndo jengo likapata jina lake. Kiingilio bure. Narudia, bure kabisa. Unacholipia ni kuegesha gari, dola 15, iwe mko wawili au mmejazana saba kwenye minivani, kwa hiyo jazaneni. Asiye na gari, treni ya Silver Line siku hizi inafika mpaka Dulles, halafu kuna basi la Fairfax Connector, ila angalia ratiba yake kabla hujatoka nyumbani, wikiendi basi linaweza kukuweka. Vaa raba. Hanga ni kubwa mno na sakafu ni ngumu, nimeona kina dada wamekuja na viatu vya kisigino, mwisho wa siku vimebebwa mkononi.

Sasa watu wengi wakiingia pale wanakimbilia vitu vinne: chombo cha anga Discovery, Concorde ya Air France, SR-71, ile ndege nyeusi ya kijasusi inayokupokea mlangoni, na Enola Gay iliyodondosha bomu Hiroshima. Sawa, vionwe, siwezi kumzuia mtu. Ila mimi naandika hii kwa ajili ya kona moja tu ambayo watu wanaipita wakiwa wanatafuta engo ya selfi na Enola Gay, nayo ni ndege za Kijerumani za Vita vya Pili zilizopangwa jirani yake. Kuna nyingine pale ndo ya mwisho duniani ya aina yake, ukiondoka hapo huwezi kuiona popote, si Berlin, si London, si Moscow. Na kibao cha maelezo ni kibao tu, kina mistari yake michache, hakiwezi kukueleza imekuwaje dubwasha la Hitler limevuka bahari likaishia Virginia, kwa hiyo nawapa hadithi yake hapa mkienda mnaijua.

Mei 1945 Ujerumani inasalimu amri, viwanja vyake vimejaa ndege zilizolala kwa kukosa mafuta na marubani. Nyingi hazikuwa na bahati, zilipigwa moto, zilikanyagwa na vifaru, zilikatwa zikayeyushwa kuwa masufuria na vyuma vingine. Wamarekani lakini walikuwa na mpango wao, Operesheni Lusty, kazi yake kuzoa kila siri ya kiufundi ya Luftwaffe, yaani jeshi la anga la Mjerumani, michoro, injini, wataalamu, na ndege zenyewe zikiwa nzima. Upande wa ndege akapewa Kanali Harold Watson, mtu wa Wright Field kule Ohio ambako jeshi la Marekani lilikuwa linajaribia ndege zake, na vijana wake wakajipa jina Watson's Whizzers.

Huyu Watson alikuwa mjanja. Hakuwafukuza Wajerumani. Pale Lechfeld, karibu na Augsburg, kulikuwa na Me 262 kadhaa, ile ndege ya kwanza ya kivita ya jeti kuingia kazini, na Wamarekani hawakuwa na mtu aliyewahi kuirusha. Basi wakachukuliwa mafundi wa Messerschmitt walewale pamoja na marubani wao wa majaribio, Karl Baur na Ludwig Hofmann, wakaambiwa haya tufundisheni. Juzi tu walikuwa upande wa adui, leo wanakaa kiti cha nyuma wanamwelekeza Mmarekani kwamba ukisukuma mafuta fasta injini inawaka moto, nenda nayo polepole. Baada ya darasa la muda mfupi sana wakazirusha mpaka Melun nje ya Paris, Jenerali Spaatz, mkubwa wa jeshi la anga la Marekani kule Ulaya, akaja kuzikagua mwishoni mwa Juni, kisha zikaelekea bandari ya Cherbourg. Kwenye kipande hicho cha mwisho moja ikapotea, tena ile ya kipekee iliyofungwa mzinga wa milimita 50 puani, injini iliharibika angani, Hofmann akaruka na parashuti akapona, ndege ikaisha.

Cherbourg zikafungwafungwa na kupakwa dawa ili chumvi isizile, zikapandishwa juu ya HMS Reaper, meli ya Waingereza ya kubebea ndege, zipatazo 40 hivi, za jeti na za propela na helikopta ndani yake, meli ikang'oa nanga Julai na mwisho wa mwezi huohuo ikawa imefika bandari ya New York. Hapo mgawo ukafanyika, nyingine jeshi la majini likazipeleka Patuxent River, Maryland, nyingi zikaenda Freeman Field, Indiana. Hiyo Freeman Field nitairudia, ina jambo lake.

Turudi ndani ya hanga. Anza na Arado Ar 234. Hii ndo bomber, yaani ndege ya kudondosha mabomu, ya kwanza ya jeti duniani kuingia vitani, zilitengenezwa mia mbili na kitu, iliyobaki ni hii moja. Kwa mbali ni ndege nyembamba tu ya injini mbili, lakini nenda usimame mbele ya pua. Pua yote ni kioo. Rubani alikuwa peke yake mle ndani, hana msaidizi, hana wa kumwambia adui yuko nyuma, ndo maana ukiinua macho juu ya chumba chake utaona periskopu imechomoza, hiyo ndo ilikuwa macho yake ya kisogoni. Na muda wa kulenga bomu ukifika alikuwa anaiachia ndege ijiendeshe yenyewe, anasogeza usukani pembeni, anainama kwenye darubini ya kulengea iliyoko katikati ya miguu yake, yote hayo kwenye mwendo unaozidi kilometa 700 kwa saa. Mpwa wangu nilikuwa naye akaniuliza, "Anko, akipiga chafya?" Nikakosa jibu.

Halafu angalia chini ya mabawa, nje ya zile injini mbili. Kuna mapipa mawili ya ziada. Hayo ni roketi za Walter za kusaidia kunyanyuka, maana injini za jeti za wakati ule zilikuwa zivivu kuchanganya na njia za kurukia ni fupi, ukishapaa mapipa yanaachia yanashuka kwa parashuti zake (utaziona zimefungwa mbele yake) yanaokotwa yanajazwa tena. Mjerumani amezidiwa kila upande, anabomolewa miji, bado anaokota chupa zake na kuzirudisha kazini. Injini zenyewe Jumo 004 zilikuwa za kufa mapema kwa kuwa hawakuwa na madini mazuri ya kustahimili joto, nikeli na kromu, hivyo masaa 25 hivi yakifika ni kufungua, na nyingine hazikuyafikisha.

Hii hii unayoiona pale ilikutwa uwanja wa Sola karibu na Stavanger, Norway, mikononi mwa Waingereza, Watson akaipata, ikapanda Reaper, ikajaribiwa Wright Field, ikaja kukabidhiwa Smithsonian Mei 1949. Na baada ya hapo ikakaa stoo miongo. Mafundi wa makumbusho walianza kuifufua 1984 wakamaliza 1989. Miaka mitano kwa ndege moja! Ukiwa na mtu anayelalamika fundi wake wa gari amemkalia wiki mbili, mlete asome hapa.

Pembeni yake kuna Dornier Do 335, na hapa ndo naomba utulie. Ndege ina propela mbele na propela nyuma. Si utani, injini moja puani nyingine mgongoni nyuma ya rubani, inazungusha propela iliyoko mkiani, kwa sababu ukizipanga hivyo upepo unaosukumana na ndege unakuwa wa injini moja huku nguvu ni ya mbili. Ilikuwa inafika kilometa 760 kwa saa, kwa ndege ya propela hiyo ni balaa, chache sana duniani zimewahi kukaribia. Ni kubwa pia, simama chini ya bawa ndo utaelewa, picha za mtandaoni zinaidanganya.

Sasa tatizo likawa rubani akitaka kuruka na parashuti, propela ya nyuma inamsubiri imsage. Wakaweka kiti cha kumrusha nje, na kabla ya kiti kuna baruti ndogo zilizopachikwa mkiani, unabonyeza, pezi la juu la mkia linakatika, propela ya nyuma inakatika, njia inakuwa nyeupe. Shikilia hapo kwenye baruti. Ndege hii Wamarekani waliikamata Oberpfaffenhofen, kiwandani kwa Dornier, ikapanda meli, ikaenda kwa jeshi la majini Patuxent River, ikaja kutupwa Norfolk, ikakabidhiwa Smithsonian 1961 ingawa iliendelea kubaki nje inapigwa na mvua na jua la Virginia miaka kadhaa. Mwaka 1974 ikasafirishwa kurudi Ujerumani, palepale Oberpfaffenhofen, kampuni ya Dornier ikasema tutaitengeneza wenyewe. Mafundi wanafungua mkia, wanakuta zile baruti bado zimo. Karibu miaka 30 watu wameiburuza, wameipandisha meli wameishusha, wameifungua na kuifunga, wametembea juu yake, na baruti zimo ndani zimetulia. Ilivyomalizika ikaonyeshwa Hannover 1976, ikakaa Deutsches Museum Munich zaidi ya miaka kumi, kisha ikarudishwa Marekani, maana ilikuwa ya mkopo tu, mwenyewe hakuwa tayari kuiachia. Yaani Mjerumani aliitengeneza mara mbili na mara zote mbili imeishia kwa Mmarekani.

Heinkel He 219 nayo ipo, ndege ya kuwinda usiku, pua imejaa antena za rada kama miba ya nungunungu, na hiyo ndo ndege ya kwanza ya vita kupewa viti vya kurusha marubani nje kwa upepo wa kushindiliwa. Ilikamatwa Grove, Denmark. Nayo nzima iliyobaki ni hii peke yake. Kwa miaka mingi ukienda ulikuwa unakuta kiwiliwili tu mabawa yako kwa mafundi, sasa hivi imesimama na mabawa yake.

Me 163 Komet ni kadude kadogo kafupi, haina mkia wa mlalo, inaendeshwa na roketi. Mafuta yake ni dawa mbili ambazo zikikutana zinawaka zenyewe, na moja ni haidrojeni peroksaidi kali ya kuunguza nyama ya mtu, mafuta yanatosha dakika saba au nane hivi halafu unashuka kimyakimya bila injini na kutua kwa kuburuza tumbo kwa sababu magurudumu umeshayaangusha ulipopaa. Wamarekani waliipeleka jangwani Muroc, California, 1946, wakaivuta kwa ndege nyingine na kuiachia ielee tu, roketi hawakuiwasha. Walikuwa na akili timamu. Rubani wa Uingereza, Eric Brown, yeye aliirusha kwa roketi yake Juni 1945, lakini huyo ni mtu aliyerusha aina 487 za ndege maishani mwake na rekodi hiyo hakuna aliyeivunja, usijilinganishe.

Horten Ho 229, hii wapenzi wa YouTube ndo wanaijia. Bawa tupu, mbao na bomba za chuma, injini mbili za jeti, jeshi la Jenerali Patton waliikuta Friedrichroda ikiwa haijamalizika na haijawahi kuruka hata siku moja. Iko vilevile ilivyo, imechunika, plaiwudi imebanduka, hawajaipaka rangi. Kuna watu watakwambia ilikuwa haionekani kwenye rada na ingebadilisha vita, mimi nikiitazama naona mbao zilizoshikana kwa gundi na nchi iliyoishiwa. Lakini kuiona ikiwa mbichi hivyo bila vipodozi kwangu ni bora kuliko ingekuwa inang'aa. Kuna Focke-Wulf 190 pia, hiyo imerembwa vizuri, ipite uiangalie uendelee.

Sasa unajiuliza, ndege zilikuja 40 kwa meli, na nyingine kwa njia nyingine, zingine ziko wapi? Hapa ndo roho inauma.

Freeman Field iko Seymour, Indiana. Aprili 1945, kabla ndege hizi hazijaletwa, uwanja huohuo maofisa weusi wa kikosi cha mabomu cha 477, hao ndo wenzao wa Tuskegee, wale marubani weusi wa jeshi la Marekani, walijaribu kuingia klabu ya maofisa, wakakamatwa, kwa sababu klabu ilikuwa ya weupe. Wakaletewa karatasi wasaini kwamba wameielewa sheria ya ubaguzi, 101 wakagoma kusaini, wakawekwa chini ya ulinzi. Watu wenye cheo na sare ya Marekani, wanaojiandaa kwenda kupigana. Miezi michache baadaye uwanja uleule unafunguliwa kwa ndege za adui, zinapewa namba zao za FE, yaani Foreign Equipment, vifaa vya kigeni, zinasafishwa, wananchi wanakaribishwa kuja kuzishangaa. Sijui nyie mnasomaje hiyo, mimi niliisoma nikafunga kompyuta nikaenda kutembea.

Basi, ndege zikachunguzwa Freeman Field mpaka 1946, mradi ukafungwa. Mkuu wa jeshi la anga, Jenerali Hap Arnold, alishatoa agizo kila aina ibakishwe moja kwa ajili ya makumbusho ya baadaye, na bila agizo hilo leo tusingekuwa na cha kuangalia. Zikapelekwa Orchard Place, Illinois, kwenye kiwanda kikubwa cha Douglas kilichokuwa kimebaki tupu baada ya vita. Hapo Orchard Place ndo leo uwanja wa O'Hare Chicago, na ndo maana begi lako likienda Chicago linabandikwa ORD. Wengi humu mmeshuka hapo na mabegi ya dagaa hamjui mmekanyaga ilipokuwa stoo ya ndege za Göring, yule mkuu wa Luftwaffe.

Zikakaa hapo vizuri mpaka 1950 vita ya Korea ikaanza, jeshi likasema tunataka jengo letu, toeni takataka zenu. Mtu mmoja wa Smithsonian, Paul Garber, akahangaika kutafuta pa kuziweka, akapata kiwanja chenye msitu Suitland, Maryland, hapo Silver Hill, mitaa ambayo leo imejaa watu wetu. Pesa hakuna, majengo hakuna, ndege zinafika kwenye makreti, nyingine zikalala nje miaka. Kubwakubwa ambazo hazikuwezekana kubebwa zilikatwakatwa zikauzwa skrepa. Kwa hiyo zilizobaki mara nyingi ni zile ndogo za kuingia kwenye lori, ubora haukuwa na nafasi kubwa kwenye huo mchujo.

Iliyoniuma zaidi ni Junkers Ju 290, dege kubwa la injini nne, Watson mwenyewe alilirusha kutoka Ulaya kuvuka Atlantiki 1945, wakalibatiza Alles Kaputt na kuliandika hilo jina ubavuni. Limefika salama, limeonyeshwa kwa watu, Desemba 1946 wakalivunja Wright Field. Na wakati wa kulivunja wakakuta bomu limefichwa ndani ya bawa, limevuka nalo bahari. Leo hakuna Ju 290 hata moja duniani.

Wengine walizifanyia nini? Mrusi alijaribu Me 262 lakini hakutaka kuikopi, alichukua injini. Tarehe 24 Aprili 1946 jeti zake mbili za mwanzo, MiG-9 na Yak-15, ziliruka siku moja, zote zikiwa na injini za muundo wa Kijerumani, BMW 003 na Jumo 004. Wafaransa walikuwa na njaa ya ndege na viwanda vya Mjerumani vilikuwa vimebaki nchini kwao, wakaendelea kuzitengeneza kama hakijatokea kitu, Focke-Wulf 190 zikaitwa NC 900 zikatoka 64, Junkers 52 zikaitwa Toucan zikatoka zaidi ya 400 wakaenda nazo Indochina na Algeria. Waingereza walizichukua Ju 52 chache wakazipa shirika lao la BEA, zikabeba abiria mpaka Belfast 1946 na 1947, fikiria umenusurika mabomu ya Luftwaffe halafu unapandishwa Junkers kwenda kumsalimia shangazi.

Kali kuliko zote ni Wacheki. Walibakiwa na bodi za Messerschmitt 109 lakini injini zake halali ziliungua, wakachomeka injini ya bomber, ikatokea ndege mbaya sana kuirusha, S-199, marubani wao waliita Nyumbu yule wa kubeba mizigo. Mwaka 1948 nchi changa ya Israeli imewekewa vikwazo vya silaha, nani atawauzia? Wacheki. Wakanunua 25. Kwa hiyo ndege za kwanza za kivita za Israeli, zilizopigana Mei 1948, ni uzao wa Messerschmitt. Historia haina aibu.

Na ipo faida ambayo haionekani kwa kusimama mbele ya ndege: yale mabawa yaliyolazwa nyuma. Nyaraka za utafiti wa Kijerumani zilizokamatwa ndo ziliwasukuma Boeing kulaza mabawa ya bomber yao ya jeti B-47, na ndege ya kivita F-86 nayo ikafuata. Ukipanda Boeing yoyote leo, angalia dirishani lile bawa limelala kwenda nyuma, shule yake kwa sehemu kubwa ilianzia huko.

Jambo moja nataka wazazi muwaambie watoto mkiwa mbele ya vyuma hivi, kwa sababu ni rahisi sana kuishia kwenye "wow Wajerumani walikuwa na akili". Nyingi za hizi zilijengwa na wafungwa. Me 262 ziliundwa kwenye mahandaki ya Gusen, Austria, tawi la kambi ya Mauthausen, watu wanachimba mwamba na kupachika mabati huku wanakufa kwa njaa na kipigo. He 162, jeti nyingine ya Heinkel, nayo hivyohivyo, chini ya ardhi Hinterbrühl. Kwa hiyo hizo ribiti zilizopangika vizuri kuna mtu alizigonga akiwa na kilo arobaini. Mpwa wangu nilimwambia hilo kwa lugha ya umri wake, alikaa kimya kidogo, akauliza kama walilipwa.

Me 262 yenyewe ya Smithsonian makao yake ni jengo lao la mjini Washington, na hilo jengo limekuwa kwenye ukarabati mkubwa kwa miaka, hivyo cheki tovuti yao kwanza usije ukaifuata ukakuta haijatoka. Na kuna nyingine kama Ta 152 na Ju 388, za mwisho duniani nazo, zimo kwenye mikono ya Smithsonian lakini bado hazijafikiwa zamu ya kutengenezwa. Ukipanda ghorofa ya kuangalia karakana unaweza kuwaona mafundi wakiwa kazini kupitia vioo, usipite bila kuchungulia, mimi hapo naweza kumaliza saa nzima naangalia mtu anasugua bati moja.

Wale wazee wa kujitolea wanaovaa beji, wafuateni. Wanatembeza watu bure, wengi wamestaafu jeshini au mashirika ya ndege, ukimuuliza mmoja swali la maana kuhusu Dornier umekwisha, atakushika mkono. Msimkatishe. Chakula pale ni baga na chipsi kwa bei za makumbusho, sisi tulikula nyumbani kabla.

Kwa mlioko nyumbani na viza ya Marekani ni kizungumkuti, iko dawa, na iko barani kwetu. Johannesburg, mtaa wa Saxonwold, jirani na zuu, kuna makumbusho ya taifa ya historia ya jeshi, Ditsong. Mle ndani kuna Me 262 B-1a/U1, ya viti viwili, ya kuwinda usiku kwa rada, inajulikana kama Red 8. Aina hiyo imebaki hiyo hiyo moja dunia nzima. Waingereza waliikamata Schleswig 1945, wakaifanyia majaribio Farnborough, wakawapa Afrika Kusini 1947, na kuna Messerschmitt 109 na Focke-Wulf 190 humohumo. Mtanzania na Mkenya anaingia Sauzi bila kuhangaikia viza ya kutembea, kwa hiyo kisingizio hakuna. Walioko Uingereza nendeni RAF Museum, Hendon au Cosford, kote bure, wana Me 262, wana Komet, wana Ju 88.

Nyota: 4 na nusu kati ya 5. Nusu nimeibana kwa sababu ya dola 15 za kuegesha gari, na kama unajua hesabu utakuja na majirani mchange.